Jino likishatoka ndo kazi inaanza

Jamani habari zenu. Karibuni sana, nyie mliosimama kule mlangoni viti bado vipo huku mbele, najua hakuna anaependa kukaa karibu na daktari wa meno lakini leo nimekuja mikono mitupu, koleo nimeiacha kazini, njooni mkae.

Nianze na swali. Nani humu ndani ameshawahi kung'olewa jino, nyoosha mkono. Ee, mko wengi, karibu ukumbi mzima. Sasa msishushe, abaki amenyoosha yule ambaye siku ile kuna mtu alikaa nae chini akamweleza taratibu lile shimo linaponaje na akifika nyumbani afanye nini. Mnaona? Imebaki mitatu. Na hapa siwalaumu wagonjwa, najilaumu mimi na wenzangu, maana mgonjwa ndo kwanza katoka kwenye kiti, mdomo mzito, pamba kaing'ata, moyo bado unaenda mbio, alafu sisi tunamsomea masharti kumi kwa spidi kama mtu anaita abiria basi linaondoka, anaitikia kwa kichwa tu, akifika kwake hakumbuki hata moja.

Kwaiyo leo nitasema polepole. Na kama mtasahau yote nitakayosema shikeni hili: jino likitoka linaacha shimo kwenye mfupa, lile shimo linajaa damu, damu inaganda, na ile damu iliyoganda ndo dawa yenyewe. Inafunika mfupa, inafunika mishipa ya fahamu, na humo humo ndani yake ndo nyama mpya inaanza kuota. Ukiilinda unapona, ukiitoa umejitafutia wiki mbaya kuliko hilo jino lenyewe. Mengine yote ntakayosema yanazunguka hapo hapo.

Ila kabla hatujafika kwenye kung'oa, je jino lako linatakiwa kung'olewa kweli? Maana watu wengi wanakuja wameshaamua, anafungua mlango anasema daktari toa hili, limeninyima usingizi siku tatu. Namuelewa, maumivu ya jino usiku hayana mfano, lakini kuuma peke yake sio tiketi ya kung'olewa. Jino lenye tundu dogo linazibwa. Jino ambalo uozo umefika kwenye kiini, kule kwenye mshipa wa fahamu na damu, mara nyingi linasafishwa mizizi yake, kinatolewa kile kiini kilichooza, mizizi inajazwa, jino linabaki mahali pake linafanya kazi miaka. Inachukua muda zaidi na safari zaidi ya moja wakati mwingine, ni kweli, na ndo maana wengi wanachagua kung'oa, lakini ujue unachochagua. Mtu mzima akiwa na meno yote ana 32, hakuna awamu ya tatu inayokuja baada ya hapo. Ukitoa gego moja la chini yale ya jirani taratibu yanaanza kulala kuelekea kwenye pengo, lile la juu lililokua linakutana nalo linaanza kushuka kwasababu halina tena wa kulizuia, baada ya muda unakuta hata kutafuna kumebadilika na chakula kinakwama mahali ambapo zamani hakikukwama.

Yale yanayong'olewa kihalali ni jino lililovunjika mpaka chini ya ufizi hakuna pa kushikilia, mzizi uliopasuka, jino linalocheza kwasababu ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaolishika, na gego la mwisho, lile linalotokea ukubwani miaka 17 mpaka 25 hivi, ambalo halina nafasi, limelala kiubavu, kila baada ya miezi michache linavimba. Gego la mwisho ambalo liko kimya na limesimama sawa halina kosa, liache. Kwaiyo ukikaa kwenye kiti uliza swali moja tu: hili jino haliwezi kuokolewa? Daktari anaejua kazi yake hakasiriki kuulizwa hivo.

Sasa kuna hii tabia ya antibayotiki. Mtu jino linauma, anakunywa antibayotiki siku tano, linapoa, anasema nimepona, mwezi unaofuata tena, anarudia. Mara ya nne ndo anakuja kwangu uso umevimba jicho halifunguki. Nikwambieni inavyokua: kiini cha jino kikishakufa hakina damu tena, na dawa uliyomeza inasafiri kwenye damu, kwaiyo pale wadudu walipojificha dawa haifiki. Inafika pembeni, kwenye nyama zilizovimba, inapunguza uvimbe, unaona nafuu, lakini chanzo kiko ndani ya jino kinakusubiri. Antibayotiki zina kazi yake, uvimbe unaosambaa, homa, tezi zimevimba, hapo daktari ataandika na ni sahihi. Ila zenyewe hazitibu jino bovu, jino bovu linatibiwa kwa kuzibwa, kusafishwa mizizi au kung'olewa.

Na kuna wale wanaosema jino lenye usaha haling'olewi mpaka uvimbe uishe. Sio sheria. Mara nyingi kulitoa ndo kufungulia usaha njia ya kutoka, unasubirisha nini? Shida inayokuwepo ni ya ganzi, kwasababu nyama yenye maambukizi inakua na asidi nyingi, na ganzi kwenye asidi haifanyi kazi vizuri, kwaiyo daktari anaweza akachoma mbali kidogo na pale palipovimba, au akaamua atoe usaha leo na jino wiki ijayo. Huo ni uamuzi wake baada ya kukuangalia, sio wa jirani yako. Kitu ambacho hakisubiri kesho ni uvimbe chini ya taya unaofanya ulimi unyanyuke, kumeza kunakua shida, mate yanadondoka, sauti inabadilika, mdomo haufunguki au pumzi inakua nzito. Mwaka 1836 daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa huu mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na chanzo chake mara nyingi ni gego la chini lililooza. Unaziba njia ya hewa. Ukiona dalili hizo usiende kununua dawa, nenda hospitali usiku huo huo.

Haya, tumekubaliana jino linatoka. Sasa nakuja sehemu ambayo watu wananificha vitu.

Nilishawahi kupata mzee mmoja, mcheshi sana, nikamuuliza mzee wangu una ugonjwa wowote, hapana mwanangu, kuna dawa unatumia, hapana mwanangu mimi mzima kama chuma. Nikang'oa, kazi safi kabisa, hata dakika kumi haikufika. Saa sita usiku napigiwa simu mto umelowa damu. Kuja kuuliza vizuri mkewe ndo anasema ana kidonge anakunywa kila siku cha kuzuia damu isigande, tangu moyo ulipomsumbua. Namuuliza mzee mbona hukusema, ananiambia wewe umeuliza ugonjwa, mimi siumwi, ile dawa ndo inanifanya nisiumwe. Nilicheka na hasira ziko hapo hapo. Toka siku ile siulizi tena una ugonjwa gani, nasema nitajie kila kidonge kinachoingia mdomoni na kila sindano uliyochomwa mwaka huu, au lete hayo mapakiti nizione mwenyewe.

Hizo za kuzuia damu kuganda, wafarini, aspirini ya moyo na nyinginezo mpya, kosa la kwanza ni kunificha, kosa la pili ambalo ni baya zaidi ni kuiacha mwenyewe siku mbili kabla ili usitoke damu. Usithubutu. Damu ya kwenye shimo la jino naweza kuibana, kushona, kuweka kitu cha kuigandisha, lakini damu ikiganda kwenye ubongo mimi wa meno sina la kukusaidia. Anaetumia wafarini anapimwa INR kabla, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, ikiwa chini ya 4 kwa kawaida meno machache yanang'olewa bila kuacha dawa. Tuachie sisi na daktari wako wa moyo tuongee.

Dawa za mifupa nazo. Kuna vidonge na sindano wanapewa watu mifupa ikiwa dhaifu, hasa kina mama wa umri mkubwa, na wagonjwa ambao saratani imeingia kwenye mfupa, kundi la kina alendroneti na asidi ya zoledroniki. Mwaka 2003 ndo madaktari walianza kuandika kwamba baadhi ya watu hawa wakishang'olewa jino mfupa wa taya haufungi, unabaki wazi unakufa. Haitokei kwa kila mtu, wa vidonge ni wachache sana, wa sindano za saratani ndo hatari iko juu, ila lazima nijue kabla. Hivyo hivyo kama ulishapigwa mionzi ya saratani maeneo ya shingo na taya, hata kama ni miaka 15 iliyopita, niambie, usiseme ni zamani. Ule mfupa hausahau.

Wa presha, kunywa dawa zako kama kawaida asubuhi hiyo, na ukikutwa na 180 kwa 110 au zaidi usinikasirikie nikikuambia leo haling'olewi tuishushe kwanza. Wa sukari, kula, choma au meza dawa yako, njoo asubuhi. Mwenye valvu ya moyo ya bandia au aliewahi kupata maambukizi ndani ya moyo anapewa antibayotiki nusu saa mpaka saa moja kabla, dozi moja kubwa, kwa mtu mzima kwa kawaida amoksilini gramu 2 kama hana mzio nayo. Mjamzito, sema hata kama mimba bado ni siri, mi nina siri za watu wengi tu humu kichwani. Miezi ya katikati, wa nne mpaka wa sita, ndo mizuri zaidi kwa kazi za meno, ila kama kuna usaha hatusubiri mtoto azaliwe.

Na kula! Jamani kuleni kabla ya kuja. Sijui nani alieneza kwamba kung'oa jino unakwenda na njaa. Mtu anakuja saa nane mchana hajala tangu jana, uoga, sindano, akisimama tu anaenda chini. Kufunga ni kwa wale wanaolazwa usingizi mzito, hao wataambiwa saa ngapi waache kula. Wewe wa ganzi ya kawaida kula ushibe, piga mswaki, njoo.

Sasa sindano. Hii ndo inayowatoa watu mbio. Mnajua kwamba daktari wa meno ni mmoja wa watu wa mwanzo kuleta habari ya kufanyiwa upasuaji bila maumivu? Desemba 1844, Hartford kule Marekani, daktari wa meno anaitwa Horace Wells alikwenda kwenye onyesho la gesi ya kuchekesha, akaona jamaa mmoja kavuta gesi kajigonga mguu anatoka damu na hana habari. Kesho yake Wells akaivuta mwenyewe, mwenzie akamng'oa gego. Kabla ya hapo unashikwa na wanaume wawili, unavumilia. Baadae, 1943, mkemia wa Sweden Nils Löfgren ndo akatengeneza lidokaini, na mpaka leo hiyo ndo ganzi unayochomwa sehemu nyingi, mara nyingi imechanganywa na adrenalini kidogo ili isiondoke haraka. Ile adrenalini ndo inayofanya dakika moja baada ya sindano moyo unadunda na mikono inatetemeka, mtu anadhani anakufa, hapana, inapita yenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo ugomvi mwingi unatokea. Ganzi inaua maumivu, haiui kusukumwa. Mishipa inayobeba habari ya kugandamizwa ni minene zaidi, ganzi haiizimi yote, kwaiyo utasikia taya linasukumwa, kichwa kinasogezwa, na utasikia mlio, kraa kraa, mkubwa sana, kwasababu unapita kwenye mfupa mpaka sikioni sio hewani. Wengi wakisikia mlio ule wanaruka wanasema naumia, nawauliza unaumia au unasikia? Wanatulia, wanasema nasikia. Ila ikiwa ni maumivu kweli, makali, yanachoma, nyoosha mkono wa kushoto, mi naacha naongeza ganzi. Usivumilie kishujaa, hakuna zawadi.

Alafu kitu kingine, jino halivutwi. Najua kwa Kiswahili tunasema kung'oa kama unang'oa jani shambani lakini tunachofanya ni kupanua. Jino halikugundishwa kwenye mfupa, limening'inizwa na nyuzi nyingi nyembamba, nafasi yake haifiki hata nusu milimita, tunaingiza kifaa hapo tunazikata taratibu, tunalisukuma jino ndani na nje mpaka mfupa unakubali kutanuka, mwisho linatoka lenyewe bila nguvu. Anaetumia nguvu nyingi bado hajajua. Meno ya mbele yana mzizi mmoja, magego ya chini miwili, ya juu mitatu, na ikiwa mizizi imepinda kama kulabu au jino limeoza halina kichwa, hapo tunachana ufizi kidogo, tunatoa mfupa kidogo, tunaligawa jino vipande, kila kimoja kinatoka na njia yake, alafu tunashona. Ndo maana ya eksirei kabla. Na mzizi ukivunjika ncha sio lazima daktari amekosea, wakati mwingine ncha ndogo iko karibu na mshipa wa fahamu kuiacha ni salama kuliko kuifukua, lakini ni haki yako kuambiwa. Mimi nasema wazi, nimeacha kipande, kiko hapa kwenye picha, tutakiangalia.

Limetoka. Pumua. Sasa ndo zamu yako.

Unang'ata pamba au kitambaa kile cha kidonda nusu saa. Nusu saa ya saa, sio ya kukisia. Usiitoe kila dakika tano kuangalia damu imekata au vipi, kila ukiitoa unanyanyua kile kilichoanza kuganda. Na usiteme. Hapa nabembeleza, meza mate, yana ladha ya damu kidogo hayakuui, kutema kunavuta. Tone moja la damu likichanganyika na mate ya mdomo mzima yanakua mekundu yote, unaona kama umechinjwa, kumbe ni tone. Siku hiyo yote na usiku wake, masaa 24, hakuna kusukutua, hakuna kunywa kwa mrija, hakuna vitu vya moto, hakuna pombe, hakuna mazoezi mazito, na kitanda weka mto wa ziada kichwa kiwe juu. Chakula laini cha uvuguvugu, tafuna upande mwingine, tena subiri ganzi iishe kwanza maana mdomo wa chini unaweza kubaki umekufa masaa mawili mpaka manne na watu wanajing'ata bila kujua. Watoto ndo usiseme, geuka kidogo tu keshatafuna mdomo wake anaona ni mchezo.

Ikirudi kutoka damu usiku usikimbilie kusukutua maji, kaa wima, chukua kitambaa safi, kikunje kinene, kilowanishe kidogo, weka juu ya shimo ung'ate kwa nguvu dakika 30 bila kuongea. Zinakata nyingi hapo. Haijakata, na mdomo unajaa damu tena, hiyo ni safari.

Siku ya pili ndo unaanza maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, unayaacha yazunguke kwa kuinamisha kichwa, huyasukumi kwa mashavu kama unafua. Mara kadhaa kwa siku hasa baada ya kula. Na mswaki unaendelea, meno mengine hayajafiwa, ruka tu pale penye shimo.

Dawa za maumivu meza kabla ganzi haijaisha, usisubiri mpaka ikuamshe. Ibuprofeni na parasetamo kwa pamoja kwa watu wengi zinatosha kabisa, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, mimba au pumu inayochokozwa na dawa hizo asiguse ibuprofeni bila kuuliza, na parasetamo mtu mzima asipite gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aspirini kwa ajili ya maumivu hapana, inafanya damu isigande na sisi tunataka igande. Na tafadhali kidonge kinamezwa, hakiwekwi juu ya ufizi, nimeona fizi zimeungua nyeupe kama karatasi kwasababu mtu kaweka aspirini pale ikaacha kidonda juu ya kidonda.

Sigara. Najua mmo humu ndani wavutaji. Sijaja kuwahubiria muache maisha yote ingawa ningependa, naomba siku tatu angalau, ukiweza wiki. Moshi unabana mishipa midogo ya damu na ule mvuto wenyewe unanyonya, na hapo ndo tunafika kwenye shimo kavu.

Shimo kavu ni pale damu iliyoganda imetoka au imeyeyuka kabla ya wakati, mfupa umebaki wazi. Kwenye kung'oa kwa kawaida inawapata kama watu 2 mpaka 5 kati ya 100, kwa magego ya mwisho ya chini ni wengi zaidi ya hapo. Utaijua hivi: maumivu ya kawaida yanapungua kila siku, ya shimo kavu yanafanya kinyume, siku ya kwanza uko vizuri, ya pili vizuri, ya tatu au ya nne yanakuja makali yanapanda mpaka sikioni na mdomo unanuka. Mi inanihusu hii, mnijue vizuri, nilipong'olewa gego langu la mwisho la chini mimi daktari mzima ulimi ulinishinda, kila saa naenda kuchungulia shimo na ncha ya ulimi, siku ya tatu nililala nimeshika shavu, na wenzangu kazini walinicheka wiki nzima. Dawa yake sio antibayotiki. Rudi kwa daktari anasafisha shimo, anaweka dawa ya kutuliza ndani, mara nyingi nafuu unaipata muda huo huo, anaweza kubadilisha baada ya siku moja mbili mpaka mfupa ufunikwe.

Naona mikono. Ee mama, sema.

Anauliza ni kweli jino la juu likitolewa macho yanaharibika. Hapana mama yangu, mshipa wa macho ni mwingine, jino la juu halina njia ya kwenda kulipofua jicho. Nadhani watu walianza kusema hivo kwasababu maumivu ya chonge la juu yanapanda mpaka chini ya jicho, na wengi wanang'olewa umri ule ule ambao macho yanaanza kuhitaji miwani. Ila umenikumbusha kitu, juu ya magego ya juu kuna uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu, na mizizi wakati mwingine inaugusa, jino likitoka inabaki njia kati ya mdomo na pua. Ukinywa maji ukaona yanatokea puani usiogope ila rudi. Aliyeambiwa ana njia hiyo asipenge kamasi wiki mbili, na chafya apige mdomo wazi.

Kaka wa shati la bluu anasema siku ya tatu aliona kitu cheupe shimoni akakikwangua na kijiti akidhani ni usaha. Pole. Ule weupe ni utando wa kuponya, ni sawa na gaga la kidonda cha mguuni isipokua mdomoni kuna unyevu ndo maana haliwi jeusi. Usaha unakuja na ladha mbaya, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa. Weupe peke yake uache.

Nyuzi? Kuna zinazoyeyuka zenyewe, zisizoyeyuka zinatolewa baada ya wiki moja hivi. Ufizi unafunga ndani ya wiki mbili tatu, mfupa kujaa ni miezi, mitatu mpaka sita, kwaiyo meno ya bandia ya kuvaa ukitengenezewa mapema sana yatalegea kwasababu mfupa bado unashuka, na kuna wakati tunakutengenezea ya muda kwanza. Kipande kidogo cha mfupa chenye ncha kikichomoza kwenye ufizi baada ya wiki kadhaa, kinatokea, mara nyingi kinatoka chenyewe, kikikusumbua njoo nikitoe. Mdomo wa chini au ulimi ukibaki na ganzi hadi siku inayofuata piga simu usisubiri, kwa wengi inarudi yenyewe ndani ya wiki au miezi ila tunataka kuiandika na kuifuatilia tangu mwanzo.

Swali la mwisho, dada, la meno ya utoto. Yako 20 na mengi tunayaacha yatoke yenyewe, likilegea mtoto atalisukuma na ulimi. Likioza mapema sio kwamba halina maana kwasababu litatoka tu, linashika nafasi ya lile linalokuja, ukilitoa miaka mingi kabla mengine yanasogea na la ukubwani linakosa pa kutokea linakuja limepinda. Mlete tuzibe.

Basi, muda umeniishia, wenye ukumbi wananiangalia. Wale wenye karatasi za dawa zenu mfukoni njooni hapa mbele nizione moja moja, na wewe mzee wangu uliejificha nyuma ya nguzo, nimekuona ulivyotikisa kichwa niliposema wafarini, njoo wewe kwanza.